Kisanduku Kisichouliza Jumamosi

Homa Bay
Jumatatu, 3 Mei 1999

Shemeji Byron,

Pokea salamu zetu sote, wewe na mkeo Phanice na Mama. Huku tuko sawa. Kaka yako Onditi bado anafundisha kule Lambwe na anarudi nyumbani kila Ijumaa akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Liz ameota meno na anauma kila mtu isipokuwa baba yake. Mwambie Mama kwamba sukari yake nimempa Helen wa mitumba ailete, na asikubali Phanice aimalize kwa chai ya wageni.

Sasa sikia shida yangu. Ile kompyuta uliyotufungia hapa ofisini kwetu, mradi wa samaki, imeingiwa na wazimu. Asubuhi nikitaka kupokea barua pepe, modemu inalia vile inavyolia, laini inashika, nafurahi. Mara kisanduku kinatokea katikati ya kioo: andika neno la siri. Naandika lile neno ulilotuchagulia mwenyewe siku uliyoifunga. Kinapotea, kinarudi. Andika neno la siri. Naandika tena, polepole, kidole kimoja kimoja kama mtoto wa nasari. Kinarudi tena.

Bosi wangu, Bwana Orina, husimama nyuma yangu akipumua kwa nguvu. Unajua tangu Ulaya wakatae samaki wetu kwa sababu ya sumu, Nairobi wanataka ripoti zetu za fukwe haraka. Juzi aliniuliza kama nimesahau kusoma. Nilijaribu kukupigia simu, lakini laini yako iko bize asubuhi hadi jioni. Kumbe biashara yako ya kompyuta imekuwa nzuri hivyo?

Nisaidie kabla sijafukuzwa kazi.

Shemeji yako,
Priscilla


Migori
Jumatano, 12 Mei 1999

Nyar Kehancha,

Yaani, binti wa Kehancha, tuliwapelekea baba zako ng'ombe wale wote, halafu kisanduku kimoja tu kinakushinda? Nitawaambia wazee wadai warudishiwe hata mmoja.

Mama yuko salama. Magoti yanamsumbua lakini mdomo hauna ugonjwa. Sukari imefika, na Phanice ameificha mahali ambapo hata mimi sipajui. Kanisani nimefanywa shemasi, kwa hiyo ukija hapa kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jioni usinitafute kwa mambo ya mashine. Hata soketi ninachomoa. Ninyi Wakatoliki endeleeni kupiga pasi siku ya Sabato, tutaonana mbele.

Kuhusu kisanduku, usiogope, ni ugonjwa wa kawaida. Kwanza tazama taa ya herufi kubwa kwenye kibodi. Ikiwa inawaka, neno lako linakwenda limevaa suti na kule halijulikani. Pili, mahali palipowekwa tiki ili programu ikumbuke neno, toa hiyo tiki, funga kila kitu, fungua upya, andika neno, kisha uirudishe. Tatu, ukizungushwa, subiri kidogo kabla ya kujaribu tena. Laini zetu za simu ni mbovu. Zinakatika wewe ukidhani bado uko ndani.

Biashara kweli imekua. Kuna mteja, Bwana Gisiri, yule mwenye pikapu za barafu zinazobeba samaki. Ameniletea kompyuta ya pili, mpya kabisa, bado ina nailoni. Anakaa hapa dukani siku nzima kama ndugu.

Msalimie kaka yangu, mwambie aoge.

Byron


Homa Bay
Jumatatu, 24 Mei 1999

Shemeji,

Hongera kwa ushemasi. Nilicheka mpaka Liz akaamka, wewe uliyekuwa ukiiba sadaka ya mahindi! Mama lazima anatembea kifua mbele. Sisi huku tumepata mvua ya kutosha na maharagwe yameshika.

Nilifanya yote uliyosema. Taa ya herufi kubwa haikuwa ikiwaka. Tiki nimeitoa na kuirudisha mpaka naiota. Nimesubiri. Kisanduku bado kinarudi. Halafu kuna saa ambazo kinakubali bila neno lolote, barua zinaingia zote, nabaki nikijiona mjinga. Siku nisiyosumbuliwa kabisa ni Jumamosi, nikija kumalizia kazi. Jumamosi kinafunguka palepale, kama mlango usio na kitasa.

Lakini si hilo lililonikosesha raha wiki hii. Kuna mama mmoja wa Karungu anaitwa Phelesia, mjane, anakausha samaki. Aliona watu wakimwaga sumu ziwani kutoka kwenye mtumbwi, akaona na gari lililokuja kubeba wale samaki waliokufa. Alikubali kwenda kusema mahakamani. Bwana Orina aliandika jina lake kwenye barua pepe ya Nairobi, mimi ndiye niliyeichapa. Jina hilo halikuandikwa mahali pengine popote.

Wiki hiyohiyo watu walifika ufukweni wakimwulizia kwa jina. Hawakumpata, wakachoma banda lake la samaki. Tumemhamishia kwa dada yake, kule Rodi Kopany. Alipita hapa ofisini akinuka moshi, akaniuliza, "Mama Liz, nani amewaambia jina langu?" Naogopa, Byron, na sijui ninaogopa nini hasa.

Nitafutie dawa ya hiki kisanduku. Angalau kitu kimoja kitulie.

Priscilla


Migori
Jumatatu, 21 Juni 1999

Shemeji,

Samahani kwa kuchelewa, mambo yalinibana. Mama anakusalimia. Phanice yuko kwao Rongo, ameenda kupumzika.

Kuhusu kisanduku: huenda programu yenu imewekwa iangalie barua kila dakika chache, na safari ya kwanza haijafungwa vizuri wakati ya pili inabisha hodi. Ibadilishe isiangalie mpaka wewe uiambie. Pia inawezekana neno limechakaa kwenye programu. Mkilibadilisha, nipe hilo jipya nilijaribu kutoka huku, nione kama tatizo ni lenu au ni la Nairobi. Hiyo ndiyo njia tunayotumia mafundi.

Mwambie Bwana Orina kwamba mambo mengine ni afadhali yaandikwe kwa kalamu na kupelekwa na mtu. Barua pepe ni kitu kigeni, hatujakizoea. Ni ushauri tu.

Bwana Gisiri hayuko kwa sasa, ameenda kununua soda, ndiyo nikapata nafasi ya kuandika. Nimalizie hapo.

Byron


Homa Bay
Jumatatu, 28 Juni 1999

Shemeji,

Phanice atapumzika mpaka lini huko kwao? Nauliza tu. Mwambie Mama kwamba Liz amejua neno la bibi, "dani", na analisema kwa kila mwanamke mwenye kitambaa kichwani.

Barua yako ilinishangaza. Haikuwa na utani hata kidogo, na hukuniuliza habari za Phelesia. Nikajiambia labda una homa. Basi nakupa habari zake hata kama hukuuliza: kule Rodi Kopany walimfuata pia. Bwana Orina aliandika Nairobi kwamba amehamia kwa dada yake, na baada ya siku chache wakafika kwa dada yake. Phelesia alikuwa mtoni akifua. Aliwaona akiwa ng'ambo, akaacha nguo zikichukuliwa na maji. Sasa yuko mahali pengine. Bwana Orina amevaa shati moja siku zote hizi, na kila akisikia gari anakwenda dirishani.

Nilipata wazo la kupiga simu makao makuu Nairobi, kwa fundi wao anayeitwa Mokeira. Msichana mkali, anaongea kama anafukuzwa. Nilipomsomea maandishi madogo ya Kiingereza chini ya kile kisanduku, ambayo sikuwahi kuyajali, akaniambia niyarudie. Akasema, "Dada, neno lako si baya. Hapo inasema sanduku la barua linatumika. Kuna mtu yuko ndani. Akiwa ndani wewe unafungiwa nje, na programu kwa ujinga wake inadhani umekosea neno, ndiyo maana inakuuliza tena na tena." Nikamwambia ofisi nzima ina kompyuta moja. Akasema, "Basi huyo mtu hayuko ofisini kwenu. Anasoma, anaacha nakala, mnasoma baada yake, na jibu letu huwa na barua yenu nzima chini yake."

Fikiria, shemeji. Miezi hii yote nimekuwa nikibisha kwenye mlango wangu mwenyewe wakati mtu ameketi ndani akisoma jina la yule mama.

Tumebadilisha neno. Mokeira alinikataza kumpa mtu yeyote, hata bosi, na nimemtii, Bwana Orina hajui. Lakini wewe si mtu, wewe ni shemeji, na ulisema utanisaidia kulijaribu. Sitaliandika hapa. Ni jina la yule ng'ombe wa mahari aliyekutoroka karibu na Kehancha ukamfuata na kiatu kimoja. Tulioishika siri ya kiatu hicho ni wewe na mimi, na ng'ombe ameshachinjwa.

Tangu tubadilishe, kisanduku kimetulia. Barua zinaingia kila siku kama Jumamosi.

Kesi imepangwa tarehe kumi na sita Agosti hapa Homa Bay. Phelesia akifika siku hiyo akiwa hai, nitamshonea nguo mpya kwa mkono wangu.

Priscilla


Migori
Ijumaa, 9 Julai 1999

Shemeji,

Nimeipata barua. Mama ana kifua lakini anakula. Jua linakaribia kuzama, siwezi kuandika zaidi.

Ungemtii yule msichana wa Nairobi.

Byron


Homa Bay
Jumatatu, 26 Julai 1999

Byron,

Natumaini kifua cha Mama kimepoa. Nimempa Helen asali na vitambaa vya joto, na nimemwambia ampe Mama mkononi, si mtu mwingine. Kaka yako hajambo. Liz hajambo.

Kisanduku kimerudi. Kilirudi Jumatatu ile baada ya barua yako fupi. Niliandika jina la ng'ombe, kikarudi. Chini yake maandishi ni yaleyale: sanduku linatumika. Nilikaa nikiyatazama mpaka chai ikapoa.

Nikataka kuamini kwamba ni wewe tu unayejaribu, kama ulivyosema mafundi hufanya. Nilingoja uniandikie kwamba umemaliza kujaribu. Hukuandika. Jumanne kikauliza. Jumatano kikauliza. Jumamosi nikaja ofisini peke yangu, nikafungua, sikuulizwa chochote. Ndipo nilipoikumbuka barua yako ya Mei, na soketi unayoichomoa Ijumaa jua likizama. Nilicheka peke yangu, shemeji, kicheko kibaya. Anayetuibia anashika Sabato!

Hata hapo sikutaka kuamini, kwa hiyo nilifanya jambo moja. Bwana Orina na mimi tuliandika barua pepe ya uongo kwenda Nairobi. Tulisema Phelesia amefichwa Lambwe, kwenye nyumba iliyo nyuma ya posho mill ya kusagia unga, karibu na shule ya Onditi. Nyumba hiyo haina mtu tangu mwaka jana. Tuliituma Alhamisi, jibu la Nairobi likaingia Ijumaa jioni. Ijumaa hakuja mtu. Jumamosi hakuja mtu. Jumapili watu wakitoka misa, pikapu ilifika. Onditi alikuwa huko, anasahihisha mitihani, aliiona kwa macho yake. Nyuma ilikuwa na masanduku ya barafu, na hayakuwa na barafu wala samaki. Wanaume walishuka wakauliza mama wa Karungu yuko wapi, kisha wakaangusha mlango kwa teke. Walipokuta kuku tu, walikaa kwenye gari wakingoja, injini ikinguruma, mpaka jioni.

Nani mwenye pikapu za barafu Migori? Wewe mwenyewe ulinitajia.

Nimeumia sana. Ulipokuwa shule na ada haipo, ulilala kwetu, ukala ugali nilioupika nikiwa na mimba. Nilikupa jina la ng'ombe kwa sababu nilitaka ucheke. Kwani alikupa nini huyo mtu? Kompyuta yenye nailoni?

Sijamwambia kaka yako. Nikimwambia atakuja huko, na akija sijui atamkuta nani dukani kwako. Sijamwambia Mama, maana anakula mezani kwako. Neno la siri sijalibadilisha na sitalibadilisha mpaka kesi iishe. Mokeira anasema tuliache hivyo. Kuanzia sasa yatakayosomwa humo ni uongo mtupu, na ya kweli yatakwenda kwa miguu, kama ulivyotushauri. Phelesia yuko mahali ambapo hapatatajwa kwenye barua yoyote, ya karatasi au ya umeme.

Usinijibu ukitaka. Lakini Mama mrudishe huku kwetu.

Priscilla


Migori
Alhamisi, 12 Agosti 1999

Nyar Kehancha,

Barua hii anakuletea Helen pamoja na Mama. Mwache Mama alale chumba cha nyuma, kile kisicho na dirisha la barabarani. Ameambiwa anakuja kumwona Liz. Nguo zake zote ziko kwenye mfuko, nilizifunga mwenyewe. Phanice harudi hapa, nimemwambia abaki kwao.

Umesema sawa yote. Sina la kubishana. Mtu akikununulia kiti, mwanzoni unadhani ni cha kwako. Baadaye unagundua yeye amesimama nyuma yake. Alianza kwa kuuliza kama naweza kuona barua za wale wa mradi, kwa mzaha tu, akicheka. Nikamwonyesha ili ajue mimi ni fundi. Sikujua kutakuwa na jina la mtu ndani. Nilipojua, alikuwa ameshajua Mama analala chumba gani.

Tangu waende Lambwe bure wamebadilika. Gisiri haongei na mimi, anaongea na wale vijana wake mbele yangu kana kwamba sipo. Wananiuliza yule mama yuko wapi. Ninawajibu sijui, na namshukuru Mungu hukuniambia. Jana walisema siku ya mahakama inapokaribia hawawezi kupoteza siku nzima kwa ajili ya dini yangu. Wanataka niwape neno wafungue wenyewe Jumamosi. Nimekataa. Nimewaambia mimi nikiwa kwenye kiti hiki, Sabato ni Sabato. Ni kitu kimoja tu kilichobaki ambacho sijampa huyo mtu.

Hilo neno hawalijui. Huwa ninaliandika mimi, wakiwa wamesimama nyuma, na vidole vyangu ni vyepesi. Kwa hiyo Jumamosi nenda ofisini kama kawaida. Kisanduku kisipokuuliza, ujue bado niko.

Mwambie Phelesia, hapana, usimwambie kitu. Nilicheka sana kuhusu kiatu, sasa mwambie kaka yangu siri hiyo.

Byron


Homa Bay
Jumamosi, 14 Agosti 1999

Byron, ndugu yangu,

Mama amefika salama. Amelala na Liz kitanda kimoja, wote wawili wanakoroma. Phelesia yuko salama pia. Jumatatu atasimama mahakamani amevaa gauni la bluu, nimemaliza pindo jana.

Nimefika ofisini mapema. Bwana Orina amekwenda kwa polisi kupanga mambo ya Jumatatu, niko na mlinzi tu getini. Nilipowasha kompyuta nilijiambia kwamba nikishafungua nitakuandikia barua ya matusi, halafu mwishoni nitakuambia uje, kwamba nyumba bado ni yako, tutamwambia Onditi pamoja, atapiga kelele na baadaye atatulia. Hilo nililipanga njiani. Nilikuwa bado nimekukasirikia lakini nilikuwa nimeshapanga.

Modemu imelia, laini imeshika. Kisanduku kimetokea.

Nimeandika jina la ng'ombe. Kimerudi. Nimetazama taa ya herufi kubwa, haiwaki. Nimesubiri kidogo kama ulivyonifundisha, labda laini imekatika. Nimeandika tena, kidole kimoja kimoja. Kimerudi, na maandishi chini yake ni yaleyale.

Nimepiga simu dukani kwako. Iko bize. Nimemtuma mlinzi akamwite Onditi. Akija nitamwambia yote, tutampitia Bwana Orina na polisi, tuje huko.

Nimekosea neno, shemeji. Niambie nimekosea neno. Naliandika tena sasa hivi, taratibu, na kila likikataliwa naliandika tena.

Priscilla